Dada ni Babu, Mama ni Mjomba: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Mazoea ya Bara Hindi

Barua za safari hii zimetoka kwa watazamaji wa filamu na tamthilia za Kihindi, na kwa wanafunzi na wageni walioko India na Pakistani. Tunaanza na swali lililojirudia kuliko yote.

SWALI: Kwenye tamthilia ya Kihindi kijana anamwita mzee mwenye mvi "Dada". Kwenye filamu ya Kibengali huyo "Dada" ni mwanamume wa makamo anayecheza kriketi. Halafu kuna bwana mmoja wa masharubu anaitwa "Mama". Mtafsiri amelewa au ni masikio yangu?
– Mtazamaji wa usiku

JIBU: Masikio yako ni mazima. Kwa Kihindi na Kiurdu, dada ni baba mzaa baba, na mkewe ni dadi. Babu wa upande wa mama anaitwa nana, na bibi ni nani. Kwa hiyo mtoto akipiga kelele "Nani! Nani!" hamuulizii mtu, anamwita bibi yake. Mama ni kaka wa mama, mjomba kamili, na mkewe ni mami. Ukihamia Bengali, dada anakuwa kaka mkubwa; ndiyo maana Sourav Ganguly wa Kolkata, nahodha wa zamani wa timu ya kriketi ya India, anajulikana kila mahali kama Dada. Na kaka je? Kwa Kigujarati na Kimarathi ni ndugu wa kiume wa baba.

Ukishavuka mtego huo wa sauti, wewe mwenye Kiswahili una nafasi nzuri kuliko mtu anayesoma tafsiri ya Kiingereza, ambako kila mtu ni anko au anti. Sisi tunatenganisha, nao wanatenganisha karibu kwa mistari ile ile. Shangazi ni bua, au phuphi kwa Kiurdu. Mama mkubwa na mama mdogo ni mausi, au khala. Baba mkubwa ni tau au taya. Baba mdogo ni chacha. Mtu akisema "chacha amekuja", umeshajua ni upande gani wa ukoo na kwamba baba mwenyewe ndiye mkubwa.

Kwa upande wa ndoa wao wanachambua zaidi yetu. Neno letu shemeji linabeba watu wengi mno. Kwao kaka mkubwa wa mume ni jeth na mdogo wake ni devar. Wifi, dada wa mume, ni nanad. Mke wa kaka ni bhabhi. Ndugu wa mke ni sala wa kiume na sali wa kike. Tofauti hizi zinaendesha hadithi. Devar anaruhusiwa kumtania bhabhi yake, lakini mbele ya jeth, katika nyumba za kizamani za India Kaskazini, mke anafunika kichwa kwa ncha ya sari. Ukimwona mwanamke anavuta nguo kichwani katikati ya mazungumzo, usimtazame yeye. Tazama mlango: ameingia jeth au baba mkwe.

Mambo mawili ya kukusaidia zaidi. Mke wa kizamani halitaji jina la mumewe. Husema "suniye", yaani "sikiliza" kwa heshima, au humwita baba wa fulani, jambo ambalo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili. Pili, msichana akimwita mvulana anayemnyemelea "bhaiya", yaani kaka, huo ndio mwisho wa mapenzi hayo. Hakuna rufaa.

SWALI: Kila nikipika chai ya maziwa yenye tangawizi kwa mtindo wa Kihindi, maziwa yanakatika. Nimebadilisha maziwa mara tatu. Nakosea wapi?
– Mpenda chai

JIBU: Maziwa hayana hatia, mpangilio ndio wenye kosa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa, kama papai bichi linavyolainisha nyama. Moto mkali unakiua. Ukiitia tangawizi ndani ya maziwa yaliyo vuguvugu, unakipa kimeng'enya nafasi ya kufanya kazi kabla hakijafa. Ukiichemsha kwanza kwenye maji matupu, maziwa yanakuta kazi imekwisha.

Kwa glasi mbili: maji mililita 250, tangawizi mbichi gramu 10 hivi (kipande kama ncha ya kidole gumba), iliki tatu. Ponda tangawizi na iliki kwenye kinu, usikate vipande, kwa sababu kipande kizima hakitoi utomvu wake. Tia kwenye maji baridi, washa moto, yakichemka yaache dakika nne au tano. Sasa tia majani vijiko viwili vidogo na sukari viwili au vitatu, chemsha dakika moja na nusu mpaka rangi iwe ya kahawia iliyokolea. Ndipo umimine maziwa yenye mafuta yake yote, mililita 200. Chai ikipanda hadi ukingoni, punguza moto ishuke. Ipandishe tena, ishushe tena. Mara tatu zinatosha. Huko kupanda na kushuka kunapunguza maji na kuifanya chai iwe nzito. Ukiipika kwa moto mdogo tu tangu mwanzo hadi mwisho, utapata maji ya kahawia yenye harufu ya maziwa.

Majani yawe yale ya punje ndogo ngumu, yanayopondwa, kuchanwa na kuviringishwa kwa mashine. Utaratibu huo ulianza Assam miaka ya 1930, na chai ya barabarani ya India inautegemea. Majani marefu ya Darjeeling ni mazuri na ghali, lakini ukiyachemsha kwenye maziwa umeyadhulumu.

Ukitumia sukari guru badala ya sukari nyeupe, epua kwanza, kisha ikoroge ndani. Ina asidi yake, na ikichemka pamoja na maziwa itakurudisha kwenye tatizo lile lile.

Usidhani pia kwamba kuna chai moja ya Kihindi. Mumbai wanauza nusu glasi, "kating", iliyokolea na tamu, ya kunywa ukiwa umesimama. Hyderabad majani hupikwa peke yake na maziwa peke yake, vikutane kwenye kikombe. Kashmir chai ni ya waridi na ina chumvi: majani ya kijani yanachemshwa muda mrefu na magadi kidogo, yanapigwapigwa yaingie hewa, na rangi inajitokeza maziwa yakishaingia.

SWALI: Dereva hutikisa kichwa nikimtajia bei. Amekubali au amekataa?
– Mgeni Bengaluru

JIBU: Angalia pua yake. Kwenye "hapana", pua inasafiri kutoka bega moja hadi jingine. Kwenye ule mtikiso unaokusumbua, pua inabaki mbele na masikio ndiyo yanayolala, la kushoto kisha la kulia, kama mizani inayotafuta kutulia. Mara moja, haraka, upande mmoja: sawa, panda. Mara nyingi, polepole, wakati wewe unaongea: nakusikia, endelea. Ukiambatana na midomo iliyobanwa na macho yanayotazama pembeni: bei yako haijamridhisha ila hataki kukuaibisha. Hapo rudia swali kwa maneno. Na usimwambie unataka bajaji. Jina hilo tumelitoa kwa kampuni ya Bajaj ya huko huko India, lakini wao chombo hicho wanakiita "oto".

SWALI: Mapishi yote ya Kihindi yanasema "siti tatu", "siti sita". Nina preshakuka ya Kihindi. Siku nyingine siti tatu zinatoa uji, siku nyingine mbaazi ngumu. Na sasa inapuliza mvuke pembeni tu, hailii kabisa.
– Mpishi aliyechoka

JIBU: Siti ni mlio wa filimbi. Juu ya tundu la mfuniko kuna kizito. Presha ikifika kiwango chake inakiinua, mvuke unatoka kwa kelele, presha inashuka kidogo, kizito kinakaa. Ndani wakati huo joto limefika nyuzi 120 za Selsiasi hivi, ndiyo maana nafaka inaiva upesi.

Ubaya ni kwamba siti haipimi muda. Moto ukiwa mkali, filimbi inalia kila baada ya nusu dakika. Ukiwa mdogo, inaweza kukaa dakika tano. Bibi wa Lucknow anayehesabu siti tatu anajua jiko lake, sufuria yake na kiasi chake cha maji. Wewe huna hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo hesabu siti ya kwanza tu, kama tangazo kwamba presha imejaa. Hapo punguza moto uwe mdogo, kisha fuata saa. Mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, wanazoziita tur, zilizolowekwa nusu saa: dakika nane hadi kumi. Dengu kubwa nzima zilizolala majini usiku kucha: dakika 20 hivi. Maharage mekundu ya rajma ni lazima yalale majini, maji hayo yamwagwe, na yaive kabisa. Yakiwa nusu mbichi yana sumu inayotapisha. Zima jiko na uache presha ishuke yenyewe, kwani dakika hizo nazo zinapika.

Mvuke wa pembeni unatokana na mpira wa mfuniko. Utoe, uuoshe, uukague: kama umekakamaa au umelegea kiasi cha kuning'inia, nunua mwingine wa ukubwa na aina ile ile. Kuuweka kwenye jokofu la barafu robo saa kunaubana kwa mlo mmoja, si dawa ya kudumu. Kagua pia ukingo wa sufuria. Ukibonyea baada ya kuanguka, hata mpira mpya hautaziba. Kisha chungulia tundu la kizito dhidi ya mwanga. Povu la mbaazi hukaukia humo, litoe kwa sindano. Ili lisirudi, usijaze nafaka za jamii hii kupita nusu ya sufuria, na tia kijiko cha mafuta kuvunja povu.

Kile kifungo kidogo cha usalama kwenye mfuniko, kinachoyeyuka sufuria ikikaukiwa maji, usikizibe kwa msumari wala njiti ukidhani umekarabati. Kimeyeyuka ili mfuniko usiruke.

SWALI: Nimealikwa harusi Ahmedabad. Niliandaa rupia 500 kwenye bahasha, mwenyeji akaniambia niongeze moja. Na mbona bei zao zina mkato mahali pasipoeleweka, 1,00,000?
– Mwalikwa

JIBU: Anza na mkato, ni rahisi kwako. Hiyo 1,00,000 ni laki. Ndiyo laki yako ya kila siku, neno lile lile. Wao hukata tarakimu tatu za mwisho, kisha kila mbili. Laki mia moja ni karori moja: 1,00,00,000, yaani milioni kumi. Ukisoma kwamba filamu imeingiza karori 300, hiyo ni rupia bilioni tatu. Pakistani, Bangladesh na Nepali wanahesabu vivyo hivyo, ingawa fedha zao ni nyingine. Usilinganishe karori ya Pakistani na ya India bila kubadilisha thamani.

Kuhusu bahasha, miongoni mwa Wahindu, Wajaini na Masingasinga zawadi ya heri haiishii kwenye sifuri. Sifuri ni mwisho. Moja ni mwanzo wa hesabu mpya. Tena 501 haigawanyiki katikati, na hilo kwa watu wanaooana ni dua. Kwa hiyo 101, 251, 501, 1,101. Bahasha za harusi zinauzwa zikiwa na sarafu ya rupia moja imebandikwa nje, kwa hiyo wewe unatia 500 ndani na hesabu imetimia. Usiibandue hiyo sarafu ukidhani ni chenji iliyosahaulika. Andika jina lako juu ya bahasha, maana zinafunguliwa baadaye na kuandikwa daftarini, ili familia ijue itarudisha kiasi gani siku ya harusi yako. Kwenye msiba ile moja haiongezwi.

SWALI: Tumebishana nyumbani: waigizaji wa filamu za Kihindi wanaimba wenyewe au hawaimbi?
– Familia iliyogawanyika

JIBU: Isipokuwa wachache, hawaimbi. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti ilitoka Machi 1931, ikiwa na nyimbo saba, na wakati huo mwigizaji aliimba mwenyewe mbele ya kamera huku wapiga ala wamefichwa nyuma ya miti na mapazia. Mwaka 1935 watengenezaji wa Kolkata wakaanza kurekodi wimbo kwanza studioni. Tangu hapo sura na sauti zikaachana.

Siku hizi wimbo hurekodiwa miezi kadhaa kabla. Uwanjani unapigwa kwenye spika kubwa, mwigizaji anafuata kwa midomo, na sauti ya uwanjani inatupwa. Hata wimbo unaoonekana wa mwendo wa pole una ujanja wake: kamera inachukua picha 48 kwa sekunde badala ya 24, na wimbo unapigwa kwa kasi mara mbili. Mwigizaji anachezesha midomo kama mtu anayekimbizwa. Picha ikirudishwa kwenye mwendo wa 24, nywele zinapepea taratibu na midomo inaangukia maneno sawasawa.

Ukitaka kumkamata, acha midomo, tazama shingo. Noti ya juu ikipanda, koo la mwimbaji wa kweli linakaza na kifua kinachukua hewa kabla ya mstari. Mwigizaji anatabasamu tu. Au fuata herufi b, p na m: haziwezi kutamkwa bila midomo kufungwa.

Waimbaji hao si watu wa kufichwa, hata hivyo. Lata Mangeshkar (1929–2022) aliwaimbia waigizaji wa vizazi kadhaa, na Mohammed Rafi (1924–1980) alibadilisha sauti yake ifanane na tabia ya kila mwigizaji. Tuzo za Filmfare zilikuwa hazina nafasi kwa waimbaji mpaka 1959, na wa kwanza kuipata alikuwa Lata. Wanaume na wanawake walitenganishwa 1968.

Mmoja wenu pia ameandika kwamba "Naatu Naatu", wimbo ulioshinda Oscar mwaka 2023, ni wa Bollywood. Hapana. Ni wa Kitelugu, na makao ya filamu za Kitelugu ni Hyderabad. Bollywood ni filamu za Kihindi za Mumbai peke yake. Mwambie Mtelugu kwamba wimbo huo ni wa Bollywood uone kama kichwa kitatikisika.

SWALI: Tunakaa watu wanne bwenini Chennai. Nilikunywa maji kwenye chupa ya wote, na hakuna aliyeigusa tena. Nimefanya nini?
– Mwanafunzi

JIBU: Uliiweka mdomoni. Kilichoguswa na mate, Kihindi wanakiita jutha na Kitamil echil, hakirudi kwa wote: kijiko ulichokiramba hakiingii tena chunguni, na chupa ya pamoja haigusi midomo. Maji humiminwa kutoka juu. Inua kichwa, fungua mdomo, shika chupa sentimita tano juu ya midomo na uinamishe kidogo mpaka utoke uzi mwembamba. Pumua kabla, kisha zuia pumzi. Jaza mdomo, simamisha chupa, meza. Wazoefu humeza bila kusimamisha, lakini wewe ukijaribu hivyo siku ya kwanza utayavuta maji puani. Chupa yenye mdomo mpana ndiyo inayolowesha mashati, kwa hiyo jifunzie kwenye ile nyembamba. Hiyo uliyoigusa ioshe, uijaze upya mbele yao. Jambo litakwisha.

SWALI: Vijana wa mtaani kwetu hapa Karachi wanaviringisha utepe wa mafundi umeme kwenye mpira wa tenisi kabla ya kriketi. Nilijaribu, utepe ukachanika kwenye pigo la tatu.
– Mrushaji mpya

JIBU: Mpira wa tenisi mtupu unadunda juu sana, na manyoya yake yanaupunguzia kasi. Utepe unaufanya uwe mzito kidogo, laini na wa kuteleza, ukaribie mpira mgumu wa kriketi bila kuvunja dirisha wala goti.

Wako umechanika kwa sababu uliuacha na hewa chini. Anza na mpira mkavu usio na vumbi. Bandika ncha ya utepe, kisha kila unapozungusha uvute mpaka ukonde kidogo, na gumba lipite nyuma yake likibana. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, ukigeuza mpira kidogo kidogo, mpaka manyoya yote yapotee. Ukiuvuta kupita kiasi, utepe unakuwa kama karatasi na unapasuka. Ukiulegeza, unakunjamana, na gongo la kupigia linaanza kuuchana pale penye mkunjo. Mwisho zungusha mikanda miwili mitatu juu kwa juu katikati ya mpira. Huo ndio mshono wako wa kushikia vidole. Kata kwa kisu, usivute kwa meno, maana ncha iliyovutwa hurudi na kubanduka. Wengine hufunika upande mmoja tu kwa makusudi: upande laini na upande wenye manyoya vinakata hewa tofauti, na mpira unapinda njiani.

Kabla hamjaanza, ulizeni sheria za uchochoro huo. Kwa kawaida mpira uliodunda mara moja na kudakwa kwa mkono mmoja unamtoa mpigaji. Ukiingia ndani ya ua wa mtu bila kudunda, mpigaji ametoka, na yeye ndiye anayekwenda kugonga geti kuuomba.